KOCHA MUPYA SI DAWA: Tuangalie kazi ya Ratomir Dujković



Tangu mechi zetu mbili za mwisho, mazungumzo ni yale yale, ku kalasi, ku internati, na ku mulango wa jiko tukingoja chakula: ekipe yetu inapigwa, basi sherti tubadilishe kocha. Wengine wanasema mwalimu anayetufunza mupira amechoka, tuombe wazazi wachange feza, tulete mutu wa inje mwenye jina. Wengine wanasema kwa sauti ya chini kwamba shida si kocha, shida ni dawa: wale waliotupiga walikuwa na kitu ku goli. Na wa tatu wanasema ni mwamuzi aliyetuuza.

Sisi wakubwa wa wanafunzi tunataka kusema mawazo yetu juu ya jambo hili, na tutayasema wazi. Lakini tutapita kwanza njia ya mbali kidogo. Tutaeleza kazi ya mutu mumoja, Mserbia, golikipa wa zamani aliyegeuka kocha. Anaitwa Ratomir Dujković. Kazi yake iligusa Kongo yetu mara mbili, na mara zote mbili tulibaki tukihesabu hasara. Mutu aliyekupiga anaweza kukufundisha, kama uko na masikio.

GOLIKIPA WA NYOTA NYEKUNDU

Dujković alizaliwa mwaka 1946 pa Borovo, mu inchi iliyoitwa zamani Yugoslavia. Leo fasi ile iko mu Kroatia. Alikuwa golikipa wa ekipe kubwa ya muji wa Belgrade, Crvena Zvezda, maana yake Nyota Nyekundu, katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Nguo ya inchi yake aliivaa mara chache tu. Hakuwa Pelé, hakuwa mutu ambaye watoto wanaandika jina lake mugongoni.

Tunasema hivi kwa sababu wengi wetu wanafikiri kocha mukubwa ni yule aliyekuwa muchezaji mukubwa. Si lazima. Wale waliokaa ku goli wanajua kazi ile: golikipa anaona kiwanja chote mbele ya macho yake. Anaona nani anarudi kusaidia wenzake, na nani anasimama mikono ku kiuno akingoja mupira umufikie. Mutu aliyeona mambo hayo kwa miaka mingi iko na kitu cha kusema.

Nyuma ya kuacha kucheza, alitembea dunia kama fundi anayebeba vyombo vyake mu mufuko. Alifunza ekipe ya inchi ya Venezuela katika miaka ya 1990, kiisha Myanmar kule Asia. Hizi hazikuwa inchi za kuogopesha watu ku mupira. Mwaka 2001 akakuja karibu na sisi: Rwanda.

JIRANI ALIYEKUWA MUDOGO

Tunajua kwamba kwa wengine kati yetu, kutaja jirani huyu tu kunauma roho. Vita na machungu, kila jamaa yetu inayajua, na hapa si fasi ya kuyahesabu. Tunasema neno moja tu: mutu anayekubali kujifunza kwa wale anaowapenda tu, atabaki na masomo machache. Hesabu ya kalasi haiulizi mwalimu anatoka kijiji gani.

Rwanda wakati ule ilikuwa haijaingia hata siku moja ku mwisho wa Kombe la Afrika. Ili kuingia mwaka 2004, iliwekwa pamoja na Uganda na Ghana, na ekipe moja tu ingepita. Ghana ilikuwa imekwisha kuchukua Kombe la Afrika mara nne. Mu mechi ya kule Ghana, vijana wa Dujković walipigwa 4-2. Kiisha mu Kigali wakalingana na Uganda 0-0. Ndugu wasomaji, kama ingekuwa hapa kwetu, nyuma ya mechi zile mbili tungekuwa tumekwisha kuandika barua ya kumufukuza. Wao walimuacha afanye kazi.

Mwezi wa sita 2003 wakaenda Kampala. Hapo ndipo jambo la dawa linaingia. Waganda walisema golikipa wa Rwanda ameficha kitu cha uchawi ku goli lake, ndiyo sababu mupira haungii. Wachezaji wakapigana, mechi ikasimama muda murefu. Jimmy Gatete, mushambuliaji wa Rwanda, aliumia ku kichwa. Wakamufunga kitambaa, akarudi kiwanjani, akatia goli. Rwanda 1, Uganda 0. Mwezi uliofuata, mu Kigali, Gatete huyu huyu akatia goli lingine, na Ghana ikapigwa 1-0. Rwanda ikaingia Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, na Ghana yenye makombe mane ikabaki nyumbani.

Sasa tuulize: ni nini ilitia goli lile la Kampala? Wakati wengine wanatafuta dawa ku goli, kijana mwenye kitambaa cha damu ku kichwa alikuwa anatafuta mupira. Kama dawa ingekuwa na nguvu, sisi Waafrika tungekuwa na Kombe la Dunia tangu zamani, maana waganga si wanatukosa. Tunaandika hii kwa sababu tumesikia kwamba wanafunzi fulani walichanga feza kwa siri, mbele ya mechi ya mwisho, ili wamulipe mutu wa kutengeneza kiwanja. Tulipigwa vilevile. Na ile feza ingetosha kushona mipira yetu miwili iliyopasuka.

SIKU YA BIZERTE

Sasa tuje ku mechi inayotuhusu. Mwezi wa kwanza 2004, kule Tunisia, Kombe la Afrika likaanza. Mu kundi moja: Tunisia yenyewe, Guinea, Rwanda, na Kongo yetu. Rwanda ikapigwa na Tunisia 2-1, kiisha ikalingana na Guinea 1-1. Sisi tukapigwa na Guinea 2-1, kiisha na Tunisia 3-0. Siku ya kwanza ya mwezi wa pili, mu muji wa Bizerte, Kongo na Rwanda wakakutana.

Upande wetu, inchi iliyochukua Kombe la Afrika mara mbili, 1968 na 1974, yenye wachezaji waliokuwa wanapata mushahara wao Ulaya. Upande ule, inchi ndogo, ya mara ya kwanza. Saïd Makasi akatia goli mu kipindi cha pili. Rwanda 1, Kongo 0. Jirani akarudi kwake na poa nne. Sisi tukarudi na sifuri, ya mwisho mu kundi.

Watu wakasema: «Wao walikuwa na kocha muzungu.» Sasa sikilizeni vizuri. Na sisi tulikuwa na kocha muzungu! Aliitwa Mick Wadsworth, Mwingereza, aliyetoka mu inchi ya mupira mukubwa kupita Serbia. Wazungu wawili walikaa ku viti viwili siku ile, na mumoja akapigwa. Basi rangi ya kocha haikutia goli, na jina la inchi yake halikutia goli.

Tofauti ilikuwa wapi? Sisi hatukuwa mu chumba cha wachezaji, hatutaki kusema tusiyoyaona. Lakini jambo moja linaonekana wazi ku kalenda: Dujković alikuwa na ekipe ile tangu 2001. Aliijua. Wachezaji walimujua. Wadsworth alikuwa ameanza kazi kwetu mwaka uliotangulia tu. Mutu anayefika leo hawezi kuvuna kesho shamba ambalo hakulima.

GHANA INAMUITA ALIYEIPIGA

Sehemu inayofuata ndiyo inatufurahisha zaidi. Ghana, iliyofungiwa mulango na Dujković mu Kigali, haikukaa kumulaani. Mwaka 2004 ilimuita! Wakati ule Ghana ilikuwa inabadilisha kocha kama mutu anavyobadilisha shati. Mreno Mariano Barreto alikuwa ametoka kuiacha. Mserbia akachukua ekipe katikati ya safari ya kutafuta Kombe la Dunia la 2006, mu kundi ambalo na Kongo yetu ilikuwamo.

Hapo ndipo tulikutana naye mara ya pili. Mwezi wa tatu 2005 Ghana ilikuja Kinshasa, na tulilingana 1-1. Kocha wetu alikuwa mwingine tena: Mufaransa Claude Le Roy, mutu wa jina kubwa mu Afrika. Ku mwisho Ghana ikawa ya kwanza. Mwezi wa kumi 2005 ilipiga Cape Verde 4-0 kwao, ikapata tiketi ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake. Sisi tukabaki.

Na wala musifikiri njia ilikuwa ya maua. Mwanzo wa 2006, ku Kombe la Afrika mu Misri, Ghana ya Dujković ilipigwa na Nigeria 1-0, ikapiga Senegal 1-0, kiisha ikapigwa na Zimbabwe 2-1. Wakarudi nyumbani mbele ya robo fainali. Fikirini makelele yaliyokuwa mu Accra! Kombe la Dunia lilikuwa limebaki miezi minne hivi. Wangemufukuza, wangeanza upya na mutu asiyejua hata majina ya wachezaji. Hawakumufukuza.

Mwezi wa sita, kule Ujerumani, wakapigwa kwanza na Italia 2-0, na Italia ndiyo iliyochukua kombe lenyewe. Kiisha wakapiga Wacheki 2-0, Asamoah Gyan akitia goli mu dakika ya pili. Kiisha wakapiga Marekani 2-1, kapiteni Stephen Appiah akitia la ushindi kwa penaliti. Kati ya ekipe tano za Afrika zilizokwenda kule, ni Ghana peke yake iliyovuka kundi. Mu kombe lile lile, wachezaji wa Togo walitaka kukataa kucheza kwa sababu ya feza waliyoahidiwa, na kocha wao alitoka, kiisha akarudi. Togo ilipigwa mechi zote tatu.

Ghana ilisimamishwa na Brazil, 3-0, mu muji wa Dortmund. Na hapa hatutaficha: Dujković si malaika. Wakati wa mapumziko, Brazil ikiwa na magoli mawili, alimuambia mwamuzi maneno makali hata akafukuzwa ku kiti chake. Ekipe yake ikacheza kipindi cha pili kocha akiwa mbali na pembeni ya kiwanja, na ikaongezwa goli la tatu. Wale wanaopiga kelele «Mwamuzi! Mwamuzi!» ku kiwanja chetu, wajibu hili: makelele ya siku ile yalirudisha goli gani? Hata moja. Yaliondoa kocha tu.

DAWA ILIYOKOSA NGUVU

Mutu atasema: «Basi munatuonyesha kwamba kocha muzuri analeta ushindi, ndiyo sababu tunataka wa kwetu abadilishwe.» Ngojeni kidogo. Hadithi haijakwisha.

Nyuma ya Ujerumani, Dujković aliacha Ghana, na fasi yake ikachukuliwa na nani? Na Claude Le Roy, yule yule aliyetoka kwetu. Yeye mwenyewe akaenda China, kutayarisha vijana wa inchi ile kwa michezo ya Olimpiki ya Beijing ya 2008. China iko na watu wengi kupita kila hesabu, na feza haikukosa. Lakini mu 2008, michezo ikiwa karibu kabisa, waliondoa Dujković. Mutu ni yule yule, elimu ni ile ile, kichwa ni kile kile kilichopitisha Rwanda na Ghana. Kama kocha ni dawa, mbona dawa hii ilikosa nguvu?

Na sisi Wakongo hatukuhitaji kwenda China kutafuta mufano. Wazee wetu waliuona mu 1974. Kocha wa Leopards, mu Zaire ya wakati ule, alikuwa Blagoje Vidinić, muzaliwa wa Skopje, yeye pia golikipa wa zamani wa Yugoslavia, mwenye medali ya zahabu ya Olimpiki ya Roma 1960. Alikuwa amekwisha kupeleka Moroko ku Kombe la Dunia la 1970. Mwezi wa tatu 1974, mu Cairo, Leopards walichukua Kombe la Afrika, na Ndaye Mulamba alitia magoli tisa. Mwezi wa sita, kule Ujerumani, Leopards wale wale, na kocha yule yule, walipigwa na Scotland 2-0, kiisha na Yugoslavia 9-0, kiisha na Brazil 3-0.

Miezi mitatu tu! Vidinić hakusahau mupira mu miezi mitatu. Wako waliosema aliwauzia ndugu zake wa Yugoslavia. Sisi hatupokei neno hilo, maana mutu akipigwa anatafuta musaliti. Wachezaji wenyewe walipozungumza baadaye walieleza kitu kingine: feza waliyoahidiwa haikufika mikononi mwao, roho zao zikavunjika, na walitaka hata kukataa kushuka kiwanjani mbele ya Yugoslavia. Wakubwa waliokaa juu walikula, na wachezaji waliokaa chini wakabeba haya mbele ya dunia nzima. Makocha wangapi wangeponyesha ugonjwa huo?

Wazee wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni neno zuri. Lakini mgeni hawezi kuponyesha mwenyeji anayekataa kufagia nyumba yake. Fundi akija, anatengeneza na mbao ulizonazo. Kama mbao zimeliwa na mchwa, utalipa fundi kumi, na meza itaanguka mara kumi.

KWETU SISI

Tulisema tutasema wazi. Maoni yetu ni haya: wazazi wasiombwe feza ya kuleta kocha wa inje. Wazazi wengi wanauza muhogo na makala ili tulipe shule, na haiko haki kuongeza muzigo huu juu ya vichwa vyao kwa sababu ya mechi mbili. Mwalimu wetu aachwe amalize mwaka huu na mwaka unaofuata. Rwanda ilingoja Dujković tangu 2001 hata 2004. Sisi hatuwezi kungoja hata mwezi?

Lakini hatusemi tukae mikono mitupu. Tunaomba mambo matatu, na yote hayaombi feza.

La kwanza, majina ya wale wanaokuja ku mazoezi yaandikwe kila jumatatu na kila alhamisi, yabandikwe ku ubao karibu na ofisi. Asiyekuja mara mbili bila ruhusa, asicheze siku ya posho, hata kama ni yeye anayetia magoli yote. Tunajua wengi hawatafurahi, maana kila mutu anajua jina gani litatoka kwanza ku liste. Litoke. Afadhali kupigwa na ekipe yenye nizamu kuliko kushinda mara moja na kuwafundisha wadogo kwamba mwenye miguu mizuri haombwi kitu.

La pili, feza yote inayochangwa kwa ajili ya mupira, hata franga ya mwisho, iandikwe ku ubao ule ule: imeingia ngapi, imetoka ngapi, kwa nini. Sisi wakubwa wa wanafunzi tunashika mufuko huo, basi tuwe wa kwanza kuonyesha. Mambo ya 1974 yalianzia mu mufuko uliofungwa. Na tena, mutu yeyote atakayekuja kuchangisha feza ya kutengeneza kiwanja kwa njia ya giza, tutapeleka jina lake kwa mukubwa wa nizamu bila kuangalia ni rafiki ya nani.

La tatu, ku pembeni ya kiwanja kapiteni peke yake aseme na mwamuzi. Wengine wote, tuimbe, tupige ngoma, tuwatie moyo wachezaji wetu. Matusi yabaki nyumbani.

Tunamaliza. Sisi wa kalasi ya sita tutatoka hapa mbele ya mwaka kwisha, kama Mungu akituwezesha ku Egzame d'Eta, na ekipe itabaki mikononi mwenu ninyi wa kalasi za chini. Hatutakuwapo kuona kama mashauri haya yamezaa matunda. Lakini mechi ingine ni siku ya posho ya wiki ijayo, na mazoezi ni jumatatu, saa kumi za mangaribi. Ubao utakuwa umekwisha kutayarishwa. Anayependa ekipe hii, tutaona jina lake pale.

Kwa jina la wakubwa wa wanafunzi,
Mukubwa wa wanafunzi, kalasi ya sita